"Kidogo" ya Setagaya na "kidogo" ya Karume: kisa cha koti la viraka

Januari 2024 mjomba wangu alikuja Tokyo kwa shughuli ya vipuri vya magari. Kazi yake hasa ni mitumba. Ana banda soko la Karume, Ilala, Dar es Salaam, kwa zaidi ya miaka ishirini, na sijui mtu mwingine anayeweza kushika shati gizani akakwambia kola itafumuka baada ya kufuliwa mara ngapi. Shughuli ya vipuri iliisha mapema, akabaki na siku nne za bure. Nikamwambia kwamba tarehe 15 na 16 kuna gulio la majira ya baridi ambalo yeye, kuliko mtu yeyote ninayemjua, anastahili kuliona. Linaitwa Boroichi, na hufanyika Setagaya, mojawapo ya wilaya za Tokyo. "Boro" ni matambara, nguo iliyochakaa hadi kuraruka; "ichi" ni soko.

"Soko la matambara?" akasema. "Huko nitapotea vipi, mwanangu? Twende."

Tulikwenda siku zote mbili. Siku ya kwanza tuliharibu mapatano ya kitu kimoja kwa namna ambayo iliniuma, maana mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Siku ya pili tulirudi kwa muuzaji yuleyule. Nakiandika kisa hiki chote, mwanzo hadi mwisho, kwa sababu Waswahili wengi wanaokuja Japani huambiwa kwa mkato kwamba Wajapani hawapatani bei. Wanapatana. Lakini kuna mlango wa kuingilia, na sisi tulipitia dirishani.

Kufika Boroichi si taabu. Ukiwa kituo cha Sangenjaya unapanda Setagaya-sen, treni ndogo ya mabehewa mawili inayokata katikati ya nyumba za watu, njia nzima kilomita tano tu na vituo kumi. Unashuka Setagaya au Kamimachi, na siku za gulio huna haja ya kuuliza njia, unafuata umati. Vibanda ni kama 700, vimepangwa kando ya barabara na kuingia vichochoroni, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa mbili usiku. Kila siku hupita watu wanaokaribia laki mbili. Gulio hili huja mara mbili kwa mwaka, tarehe 15 na 16 Desemba na tarehe 15 na 16 Januari, iwe Jumapili au katikati ya wiki. Mwaka ule ilikuwa Jumatatu na Jumanne, na bado watu walikuwa bega kwa bega.

Mjomba alisimama kwanza kwenye vinu. Vinauzwa vinu vya mti na michi yake, maana Wajapani nao hutwanga mchele wa kunata uliopikwa kwa mvuke mpaka uwe bonge laini linaloitwa mochi. Mchi wao una mpini ubavuni kama nyundo kubwa. Aliuinua, akaupima uzito, akaurudisha taratibu. Kuna mochi ya Boroichi yenyewe, daikan-mochi, huandaliwa palepale na kupakwa maharage matamu, unga wa soya au figili iliyokunwa. Foleni yake ni ndefu kiasi kwamba tuliiacha kwanza. Mbele kidogo kuna vyungu vya maua, saa za ukutani zilizosimama, visu vya zamani, vikombe vya chai vilivyofungwa kwenye magazeti, na nguo. Nguo nyingi.

Sasa nieleze kilichotokea, kwa mpangilio wake, kwa sababu mpangilio wenyewe ndio uliotuponza.

Kibanda cha kwanza cha nguo tulichosimama kilikuwa cha lundo. Kimono na obi, ile mikanda mipana ya kimono, zimerundikwa juu ya turubai, kila moja yeni 500 au 1,000, na mama mmoja amesimama katikati yake anaita wateja. Mjomba aliingia humo kama samaki aliyerudishwa majini. Aliinama, akachambua, akatoa obi tano za hariri zisizo na doa. Zilifika yeni 4,500. Akanambia nimwambie yule mama elfu tatu na nusu, kwa kuwa anachukua tano kwa mpigo. Nikasema. Mama akacheka, akasema elfu nne. Mjomba akatikisa kichwa akiwa anatabasamu, akaonyesha vidole vitatu na nusu ya kidole cha nne. Wakamalizana kwa 3,700. Ilikuwa Karume kabisa, tofauti ni baridi tu.

Tulitoka pale mjomba akiwa na uhakika kwamba ameshalielewa soko. Mimi pia.

Hatua kama hamsini kutoka hapo alikuwepo mzee mwenye meza moja na fimbo ya mwanzi iliyofungwa kwa kulala. Kwenye fimbo hiyo kulikuwa na nguo sita tu. Ya tatu ilikuwa koti la kazi la mkulima, lile wanaloliita noragi, la rangi ya nili iliyopauka hadi kufanana na anga ya asubuhi mahali pengine, na mahali pengine ikabaki nyeusi kama wino. Lilikuwa na viraka mwili mzima. Kila kiraka kilishonwa kwa bandi fupifupi za uzi mweupe, mistari kwa mistari, mshono wanaouita sashiko, ambao haukuwekwa kwa urembo. Kazi yake ilikuwa kuunganisha tabaka mbili tatu za kitambaa kuukuu ziwe nguo moja yenye nguvu na joto. Kwenye ukosi kulikuwa na karatasi ndogo: yeni 28,000.

Mjomba alilikamata ukosini kwa mkono mmoja, akalinyanyua, akaligeuza mbele nyuma, akaliachia. "Mwambie elfu nane tunamalizana."

Nikatafsiri namba tu: elfu nane, tafadhali. Kwa Kijapani, sentensi ile bila kitu mbele yake inafanana na mtu anayeagiza chai.

Mzee akavuta pumzi kupitia kwenye meno, akainamisha kichwa pembeni, akasema, "Chotto..."

Mjomba akaniangalia. "Amesemaje?"

Nami nikamwambia maana ya neno: "Amesema kidogo."

Hapo ndipo tulipopotea. Chotto ni "kidogo", kamusi haikosei. Lakini chotto iliyoachwa ikielea namna ile, sentensi haikumaliziwa na kichwa kimeinama, ni hapana. Ni hapana ya mtu anayekuonea aibu ya kukataliwa, hivyo anakukatia neno katikati ili ulimalizie mwenyewe na kuondoka kwa heshima. Mimi nimekaa Tokyo miaka sita na neno hilo naambiwa kila wiki. Nililijua. Lakini nilikuwa nimeshaingia kwenye mdundo wa lile lundo, natupa maneno huku na huku kama mpira. Na mjomba, mfanyabiashara wa Karume, akisikia "kidogo" kutoka kwa muuzaji anasikia jambo moja tu: ongeza kidogo.

"Haya, elfu tisa."

Nikasema elfu tisa. Mzee hakujibu. Alilishusha koti kutoka kwenye fimbo, akalikunja mara mbili, akaliweka kwenye boksi lililokuwa nyuma yake, kisha akaanza kupanga bakuli mezani ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Hakukasirika, angalau si kwa sura. Alitufungia tu. Mjomba alisubiri aitwe, maana kwao mteja akigeuka kuondoka ndipo bei ya kweli hutajwa mgongoni mwake. Tulitembea hadi mwisho wa barabara. Hakuna aliyetuita.

Usiku ule mjomba hakutaka kuzungumzia kitu kingine. Aliniuliza kama polisi: Yule mzee alikunja koti baada ya bei ya kwanza au ya pili? Ya pili. Alipovuta pumzi ilikuwa kabla ya kusema neno au baada? Kabla. Na neno lile "kidogo", alilisema akiwa anakutazama? Hapana, alitazama chini. Mjomba akanyamaza kidogo. "Basi hilo halikuwa kidogo, mwanangu. Hiyo ilikuwa hapana." Aliligundua peke yake, kwa kusikiliza nilivyosimulia macho ya mtu. Ikabidi nikiri kwamba nililijua tangu pale pale na sikumwambia.

Ndipo nikamsomea historia ya gulio lenyewe, ambayo nilikuwa nimeipanga kumsimulia njiani nikasahau. Boroichi ilianza mwaka 1578. Mtawala wa kivita Hojo Ujimasa, aliyekuwa na makao yake Odawara, aliipa Setagaya amri ya kuwa na soko huru, rakuichi. Amri ni fupi mno. Inataja siku za soko, sita kwa mwezi: tarehe 1, 6, 11, 16, 21 na 26. Inapiga marufuku kumkamata mtu au mali yake kwa deni la mtu mwingine wa kwao. Inapiga marufuku ugomvi na matusi. Inafuta ushuru wote. Na kabla ya hayo, mara tu baada ya orodha ya siku, inapiga marufuku fujo pamoja na kitu kinachoitwa oshikai.

"Ndiyo nini hiyo?"

Oshikai ni kununua kwa kusukuma. Mtu mwenye nguvu anafika sokoni, anataja bei yake, anachukua. Zama zile za vita askari walikuwa wakifanya hivyo kwa wachuuzi, na soko ambalo wachuuzi wanaogopa halidumu.

Sidai kwamba yule mzee alikuwa na amri ya 1578 kichwani alipokuwa anakunja koti. Lakini mjomba aliposikia neno hilo aliweka kikombe chini. "Elfu nane kwa ishirini na nane," akasema. "Na nikalishika kama shati la kwenye robota."

Utawala wa akina Hojo uliangushwa mwaka 1590, Setagaya ikapoteza uzito wake, na soko la siku sita kwa mwezi likageuka gulio la mara moja, mwisho wa mwaka. Wakulima walikuja kununua majembe, mikeka, vitu vya mwaka mpya. Na matambara. Matambara yalikuwa bidhaa ya maana: ya kuwekea viraka nguo za shambani, na ya kusukwa pamoja na majani ya mpunga ili ndala za waraji zisikatike upesi. Huko ndiko lilikotoka jina. Siku za Januari ziliongezeka zama za Meiji, Japani ilipohamia kalenda mpya. Mwaka 2007 jiji la Tokyo liliitangaza Boroichi kuwa urithi wa utamaduni wa watu wake.

Kwa maneno mengine, mjomba alikuwa amekwenda kwenye soko la mitumba lenye umri wa zaidi ya miaka mia nne, akaidharau bidhaa iliyolipatia soko hilo jina. Hilo lilimuuma kuliko kukataliwa bei.

Siku ya pili tulifika saa kumi jioni, jua likiwa karibu kuzama. Koti lilikuwa limerudi kwenye fimbo, na karatasi ni ileile, 28,000. Njiani tulikuwa tumekubaliana mambo mawili. La kwanza, mimi nitaanza. La pili, mjomba hatataja bei hata moja.

Nilimwita goshujin, ambayo ni kama kusema mwenye mali, mwenye duka. Jana mjomba alimwita "mzee wangu" kwa heshima zote za kwetu, nami nikaliruka neno hilo bila kutia lolote mahali pake, kwa sababu kumwita mtu usiyemjua babu au mzee kwa Kijapani kunaweza kumchoma. Matokeo yake jana hatukumwita kitu chochote. Tulianza na namba. Safari hii nikainama, nikamwambia kwamba jana tulimkosea adabu. Ni maneno ya kawaida huko, watu huambiana hata kwa jambo dogo. Akainama na yeye. Kisha nikamwomba ruhusa mjomba alishike koti.

Akalitoa mwenyewe kwenye fimbo, akampa kwa mikono miwili. Mjomba akapokea kwa mikono miwili.

Kilichofuata sikukipanga mimi. Mjomba alilifungua koti, akaligeuza ndani nje, akalilaza juu ya mkono wake wa kushoto kama mtu anayesoma. Alianza na mabega. Bega la kulia lilikuwa na tabaka mbili za kitambaa, la kushoto tabaka nne, na ile ya juu imeshaliwa tena. "Huyu alikuwa anabeba mzigo bega la kushoto," akasema, "miaka mingi." Akateremka mkononi. Bandi zilikuwa ndefu na zimenyooka hadi kwenye kiwiko, urefu wa punje ya mchele kila moja. Kuanzia hapo zikawa fupi na zimelala upande. "Hapa mshonaji amebadilika. Huyu wa pili alikuwa ama mtoto anajifunza, ama bibi ambaye macho yamechoka." Chini ya kwapa alikuta kiraka cha kitambaa kingine, chenye vinyota vyeupe vilivyofifia, ile nakshi ya kasuri ambayo nyuzi hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa. Kilikuwa kimefichwa mahali ambapo hakuna mtu angekiona. Mjomba akakigusa kwa ncha ya kidole. "Hiki kilikuwa cha nguo nzuri."

Nilikuwa natafsiri kila sentensi, polepole, bila kukata. Mzee alikuwa ametoka nyuma ya meza. Aliposikia habari ya mshonaji wa pili alivaa miwani, akainama na yeye juu ya kiwiko, wakawa vichwa viwili juu ya koti moja.

Akaanza kusema. Alisema nguo kama hizi nyingi hutoka kaskazini, pande za Aomori, ambako baridi hairuhusu pamba kuota. Wakulima wa huko walivaa nguo za nyuzi za mashina ya mimea, nguo zinazopitisha upepo. Pamba iliwafikia ikiwa imeshavaliwa na wengine: nguo kuukuu za watu wa Osaka na Kyoto zilipakiwa kwenye meli za tanga zilizoitwa kitamaebune, zikapita pwani ya Bahari ya Japani hadi kaskazini, na huko zikauzwa vipandevipande. Kipande kimoja kilihama kutoka nguo hadi nguo, mama hadi mtoto.

"Kumbe na wao waliletewa mitumba kwa meli," mjomba akasema. Nikamtafsiria mzee, nikaeleza mitumba ni nini, na kazi ya mjomba ni ipi. Akauliza zinafikaje, zimefungwaje, nani anafungua. Robota la nguo lenye uzito wa mtu mzima lilimshangaza. Dakika ishirini zilipita hivyo na hakuna aliyetaja fedha.

Mwishowe mjomba akanambia, "Sasa muulize yeye anaweza kufika wapi." Hili ndilo lilikuwa kosa letu jingine la jana, na naona ndilo kubwa zaidi. Sisi hutaja namba ya chini ili kufungua mazungumzo. Namba ile si tusi, ni hodi. Kwenye meza ya Mjapani anayeuza kitu kimoja kimoja, namba ni ya mwenye mali. Wewe unauliza kama inaweza kushuka, unamwachia aiteremshe mwenyewe, na akishaiteremsha unaamua. Nikauliza, je, inaweza kupungua kidogo? Na hapo "kidogo" ilikuwa mahali pake.

Akafikiri. Akasema 24,000.

Nilimwona mjomba akivuta pumzi kwa mazoea ya miaka ishirini, kisha akaiachia. Akatoa noti. Mezani pale hapakuwa na mashine ya kadi, na kwenye gulio hili hesabu kwamba vibanda vingi ni fedha taslimu.

Baadaye niliwaza kama si saa ndiyo iliyotusaidia. Ilikuwa jioni ya siku ya mwisho, na mchuuzi hapendi kurudi na mzigo. Inawezekana zile 4,000 zilitoka huko, sehemu yake au zote. Lakini yule mama wa lundo alikuwa tayari anapiga kelele za nusu bei hatua zilezile hamsini kutoka pale, na mzee hakuwa amegusa karatasi zake. Na elfu tisa ya mjomba isingepita hata saa mbili kasoro dakika moja. Barabara ileile ina biashara mbili. Kwenye lundo, bidhaa haina jina, muuzaji anataka liishe, mnavutana na kucheka, na ukichukua vitu vingi kwa pamoja punguzo ni la kawaida. Kwenye fimbo ya nguo sita, mtu amekaa na kila nguo, ameitafuta, ameisafisha, na bei aliyoandika ni kauli yake kuhusu nguo hiyo. Kuikata kwa theluthi mbili ni kumwambia kwamba hajui anachouza. Mjomba alifaulu kwenye biashara ya kwanza dakika kumi kabla ya kufika kwenye ya pili, na kufaulu huko ndiko kulikomponza. Tungeanza na mzee tukiwa bado wageni na woga wetu, nadhani tungeuliza kwanza.

Kwa upande wangu, kama mkalimani, nimebadilisha jambo moja. Sitafsiri tena neno linalokataa kwa maana yake ya kamusi. Nasema: amekataa, na amekataa kwa upole. Mteja wangu akitaka kujua neno lenyewe nitamwambia baadaye.

Mzee aliuliza swali moja wakati anafunga koti kwenye karatasi. Alitaka kujua kama litavaliwa au litauzwa. Mjomba akajibu kwamba hakuna litakalofanyika kati ya hayo mawili: atalitundika bandani, juu, na siku mteja akimkatalia shati kwa sababu ya kiraka atamwonyesha. Nikatafsiri. Mzee akaingia chini ya meza, akatoa bahasha ya vipande vidogo vya kitambaa cha nili, vya kuwekea viraka, na uzi mweupe mzito uliozungushwa kwenye kadi. Wajapani huiita omake, nasi tunaiita nyongeza. Akasema bega la kushoto linahitaji tabaka ya tano kabla halijafika mbali.

Kwenye treni ya kurudi Sangenjaya mjomba alipata kiti. Alifungua bahasha mapajani, akaanza kuvipanga vile vipande, kutoka cheusi hadi kilichopauka, akivilinganisha na bega.